Mafiga ya Zege

Mboni wa Kitomanga alikuwa na sababu ya kulitaka daraja jipya lililokuwa likijengwa mtoni kuliko mtu yeyote. Mwaka uliotangulia, mwanawe Somoe alishikwa na uchungu mto umefurika. Makaravati ya zamani, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, yalikuwa membamba. Yalizibwa na magogo, barabara ikakatika, na mtoto akafia ng'ambo hii ya maji, hospitali ikiwa ng'ambo ya pili. Sasa Somoe alikuwa mjamzito tena.

Kwa hiyo Mboni aliwapikia mafundi wa daraja jipya kwa moyo wote. Siku moja akaona kando ya pipa la maji matofali matatu ya zege, yamenyooka pande zote. Yanakaa bure haya! Akayafanya mafiga, na ugali ukasongwa bila sufuria kuyumba.

Kumbe zilikuwa sampuli za nguzo ya kati, zikisubiri kupelekwa maabara. Mhandisi Flora, binti aliyesimamia kazi ya mkandarasi kwa niaba ya serikali, alipozikuta zimejaa masizi alishika kichwa.

"Mama Somoe, umenipikia mtihani wangu!"

Mboni aliomba radhi tena na tena. Mkandarasi akasema yaishe, nguzo ni nzima. Flora akagoma: utaratibu ni utaratibu, bila kipimo hakuna kuendelea kulipandisha daraja. Akaamuru nguzo yenyewe itobolewe, kitolewe kipande cha kupima. Kipande kilichotoka kilimong'onyoka kama andazi la juzi. Kumbe mkandarasi alizitia sampuli saruji ya kutosha, nguzo akaipunja. Flora akataka ivunjwe, ijengwe upya.

"Mvua hizo zinakuja!" Mboni alifoka. "Mnataka nizike mjukuu wa pili?"

Flora hakubadili amri.

Daraja lilikamilika mvua zimeshaanza. Siku uchungu ulipomshika Somoe, mto ulikuja mwekundu, umebeba miti mizima mizima. Miti ikapita chini ya daraja, bajaji iliyowabeba Somoe na mama yake ikapita juu. Ndani yake Mboni alisoma kila dua aliyoijua, macho ameyafumba, mpaka dereva aliposema wameshavuka.

Mtoto wa kike alilia kabla ya adhuhuri. Mboni akaazima simu, akampigia Flora, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake.

"Shikamoo, mwanangu."

"Mama! Unaniamkia mimi?"

"Itikia," alisema Mboni, machozi yakimtiririka. "Itikia tu, mama. Mjukuu wangu yuko hai."

Flora akaitikia marahaba huku naye analia.