Mkalimani wa Kwanza Ndiye Aliyewauza

Saa mbili kasorobo asubuhi, kwenye benchi la korido ya mahakama, mwanamke mmoja anavua pete. Anavua na bangili, anavifunga kwenye leso na kuvitia kwenye pochi. Kisha anamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai hadi kwenye bakuli la plastiki na kuloweka vidole vyake.

"Baridi ikiingia kwenye viungo, maneno yanakwama," anasema. "Wewe unakohoa kwa koo. Mimi nakohoa kwa vidole."

Amevaa gauni jeusi lisilo na ua hata moja. Hajafiwa. Anataka mikono yake ionekane.

Ni mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi wanapomtaja huvuta ndewe ya sikio mara mbili, na hilo ndilo jina lake: Masikio. Hata mpelelezi wa polisi anayefanya naye kazi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, humwita hivyo hivyo. Yeye humwita mpelelezi Afande, hata wakiwa wanakunywa chai.

Kwa miaka minne sasa Masikio amekuwa akiwatafsiria viziwi waliouzwa na kutumikishwa, na wapelelezi wanaowasaka wauzaji. Hulipwa kwa kikao. Kikao kikiahirishwa, anarudi nyumbani kwa nauli yake. Mwezi uliopita viliahirishwa vinne.

Lugha hii hakuifuata darasani. Mama yake ni kiziwi, na hadi leo wanaishi pamoja.

"Nilikuwa na miaka saba daktari aliponituma nimwambie mama kwamba mtoto aliye tumboni amekufa," anasema huku akijifuta mikono. "Nilimwambia. Toka siku hiyo sipunguzi neno la mtu, wala siongezi."

Leo ana shahidi mmoja tu; wengine waliouzwa naye wanaogopa kusimama. Ni seremala wa miaka thelathini na miwili, kiziwi tangu kuzaliwa, asiyejua kusoma wala kuandika kwa sababu kwao hapakuwa na shule iliyomtaka. Wote wanamwita Fundi. Asipozungumza leo, kesi imekwisha, na mtu aliyemuuza atatoka mahakamani kwa miguu yake.

Mtu huyo wanamwita Mjomba. Ndivyo alivyojitambulisha kwao. Anasikia vizuri, anaongea vizuri, na lugha ya alama anaijua kama kiganja chake. Alizunguka kwenye nyumba zenye watoto na ndugu viziwi, akaahidi kazi katika karakana ya samani. Familia zikamshukuru. Mama yake Fundi alimfungia kuku wa safari.

Karakana haikuwepo. Kulikuwa na chumba kimoja na watu kumi na mmoja. Mjomba alichukua vitambulisho na simu. Kila asubuhi aliwatawanya barabarani wakaombe, kila mmoja na kadi ya "Nisaidie, mimi ni kiziwi" shingoni, na aliyerudi na pungufu alilala njaa.

Na aling'oa balbu.

Ukiwa unasikia, utadhani ni ubahili wa umeme. Masikio alipoambiwa jambo hilo kwa mara ya kwanza, aliomba kikao kisimame akatoka nje. Usiku ndio muda pekee ambao watu wale walikuwa pamoja, na bila mwanga hawaoni mikono. Mjomba alikuwa amewafunga midomo watu kumi na mmoja kwa kuzungusha balbu tu.

"Mtu asiyejua alama hawezi kuwaza ukatili huo," anasema Masikio. "Huyo alijua. Aliijua lugha yetu mpaka akajua pa kuikaba."

Lakini hilo bado si baya kuliko yote.

Majirani waliingiwa na wasiwasi, wakaita polisi. Gari likaja, watu wote kumi na mmoja wakapelekwa kituoni. Afande ndiye aliyekuwa zamu. Hakujua aanzie wapi. Mbele yake kulikuwa na watu wanaolia na kurusha mikono, na kituo kizima hakikuwa na aliyeelewa hata alama ya neno "maji".

Ndipo akaingia mwanamume aliyevaa shati safi. Akasema yeye ni mjomba wao, anawatunza kwa hisani, na lugha yao anaijua.

"Nilimvutia kiti," anasema Afande. "Ndugu yangu, nilimvutia kiti kwa mikono yangu hii! Nikamwambia karibu, Mungu amekuleta."

Fundi akasimama mbele ya meza na kueleza yote. Alimwonyesha kidole Mjomba, akaeleza tena. Mjomba akamtazama mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Afande akitabasamu.

"Anasema anashukuru sana kwa kuwajali," akatafsiri. "Anaomba warudi nyumbani wakapumzike."

Wakarudishwa kwa Mjomba. Miezi saba mingine.

Afande alikuwa amerekodi mahojiano yale kwa simu, na kuna kitu kilimkereketa. Kila alipoitazama video, alimwona mtu anayeshukuru huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Mwisho alimtafuta Masikio, akamwekea simu mezani. Masikio hakufika hata nusu ya video.

"Afande, huyu anayeshukuru yuko wapi sasa hivi?"

"Kwa mjomba wake. Kwani anasemaje?"

"Anasema, 'Mtu aliyetuuza ndiye huyu anayekutafsiria.'"

Afande akaita gari. Mchana uleule walivunja mlango.

Hapo ungedhani kazi imekwisha. Katika nyumba ya hifadhi, Fundi alimtazama Masikio akitumia alama, akakunja mikono kifuani. Kwake, mtu anayesikia na kujua alama alikuwa wa aina moja tu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu akafungua mikono kwa ghafla.

"Mwambie huyu afande kichwa chake kama boga lililokaliwa na ng'ombe."

Masikio akageuka na kutafsiri kama lilivyo, boga na ng'ombe wake.

"Nini?" Afande akang'aka, uso ukamvimba. "Mimi? Boga? Mwambie yeye na hayo masikio yake kama vifuniko vya sufuria!"

Masikio akatafsiri na hilo. Fundi hakuwa akimtazama mkalimani hata kidogo. Alikuwa ameukodolea macho uso wa Afande tangu mwanzo, akisubiri kuona kama neno lake litafika. Lilikuwa limefika. Akacheka mpaka akashika meza. Afande naye, kidogo kidogo, akaanza kutikisika mabega.

Fundi akavuta kiti. Alizungumza hadi jioni.

Sasa ni saa tatu na nusu, na mahakama imejaa. Fundi amesimama mahali pa shahidi, Masikio anamkabili. Nyuma ya Masikio, upande wa kulia, Mjomba ameketi kwenye benchi la washtakiwa, suti ya kijivu, mikono magotini, mpole kama mgeni wa harusi.

Fundi anaanza vizuri. Anaeleza kuku wa safari, chumba, kadi. Anafika kwenye balbu, na mikono yake inakatika hewani. Inashuka polepole mpaka mapajani.

Mwendesha mashtaka anarudia swali. Fundi hajibu. Wakili wa Mjomba anainuka akitengeneza tai.

"Mheshimiwa, ni dhahiri shahidi hana la kusema."

Lakini Masikio ameona kitu. Macho ya Fundi yameacha mikono yake, yamepita juu ya bega lake. Kiziwi haachi mikono ya mkalimani bila sababu. Masikio anageuka.

Mkono wa kushoto wa Mjomba uko juu ya goti. Kwa mwingine yeyote ni mtu anayejikuna. Vidole vinacheza kidogo kidogo, vinatulia, vinarudia.

Masikio anavuta pumzi, na kwa sauti yake ya kazi, sauti ileile isiyopanda wala kushuka, anatafsiri.

"Dada yako bado anauza kwenye duka lile la kona. Hufunga peke yake."

Hakimu anainua kichwa.

"Nani kasema hivyo?"

"Mshtakiwa, mheshimiwa. Kwa mkono wa kushoto, juu ya goti. Amesema mara mbili."

Mjomba anaficha mkono chini ya koti, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Wakili wake anaketi bila kuambiwa. Afande, aliyekuwa ameketi nyuma, ameshatoka nje, simu sikioni, na sauti yake inasikika hadi ndani ikiagiza askari waende dukani sasa hivi, siyo baadaye, sasa hivi.

Baadaye watu wanamuuliza Masikio kama hakuogopa.

"Niliogopa, kwani mimi jiwe?" anasema. "Lakini kazi yangu ni kutafsiri kila kinachosemwa pale ndani. Na yeye alisema."

Hakimu anaamuru tukio liandikwe, na ubao uwekwe kati ya Mjomba na shahidi. Fundi anasubiri mpaka Afande arudi na kumwonyesha kidole gumba: dada yuko salama. Ndipo anainua mikono. Anaanzia palepale, kwenye balbu, na hasimami mpaka amemaliza.

Hukumu bado. Lakini Masikio haisubiri akiwa amekaa. Kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kituo kilekile, anawafundisha askari wanane. Hakuanza na salamu. Swali la kwanza alilowapa ni hili: "Huyu anayekutafsiria, unamwamini?"

Msaidizi wake ni Fundi, ambaye sasa ana kazi kwenye karakana ya kweli na chumba chenye balbu mbili. Hazizimi zote.

Jumamosi hii zamu ni ya Afande. Anasimama mbele ya Fundi, vidole vikakamavu kama vijiti, na kumuuliza swali lile taratibu. Fundi anatazama, anafikiri, anajibu.

Afande anamgeukia Masikio. "Kasemaje?"

Masikio ametia mikono mifukoni. "Mimi leo sipo kazini, Afande. Muulize mwenyewe."

Afande anamuuliza tena. Fundi anajibu tena, polepole kwa ajili yake: ndiyo. Kisha anachora duara kubwa kuzunguka kichwa chake, na kwa ngumi anaonyesha ng'ombe akikaa juu yake.

Hilo hakuna aliyehitaji kumtafsiria Afande.