Mtungi wa Mama na Bata wa Kwandu

Mayige wa Bariadi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kunywa peke yake. Akipika pombe ikamkolea, alitoka na kidumu kwapani kutafuta mtu wa kumwonjesha, na watu wakikiona kidumu kile walikumbuka shughuli zao. Waendesha bodaboda wa kituo cha karibu walikwisha kuonjeshwa pombe ya ukwaju na ya ndimu. Ya kahawa ilimfanya fundi cherehani mmoja ashone suruali tatu bila kunyanyua kichwa.

"Usimeze kwanza," Mayige aliwaelekeza. "Izungushe mdomoni. Unasikia nini?"

"Nasikia abiria ananiita, mzee."

Yote yalianzia Lamadi. Mpwa wake Novatus, dereva wa watalii, alimpa chupa ya bia iliyosahauliwa na mgeni garini. Ilikuwa kali kwa uchungu, kisha ikaacha harufu ya ganda la chungwa. Novatus akaeleza kwamba mgeni yule aliipika mwenyewe kwao, ndani ya banda la gari, kwa maua fulani machungu, akaja nayo hadi huku ili awaonjeshe wenzake.

Mayige, aliyeacha shule darasa la nne na mengine yote akajifundisha kwa kamusi na magazeti ya kufungia vitumbua, aliinusa tena chupa ile tupu. Kumbe wenzetu walikuwa wanarudi kwenye pombe ya nyumbani! Huku kwao mitungi ilikwisha kugeuzwa vyungu vya maua, mtama mwekundu ukawa chakula cha kuku, na vijana walikunywa vitu vya rangi ya buluu kutoka vichupa vya plastiki vyenye picha ya mnyama ambaye hajapata kukanyaga Usukuma.

Akaenda Migato kwa dada yake Kwandu, aliyeurithi mtungi wa mama yao. Kwandu alipika pombe miaka thelathini, akaacha siku ambayo waombolezaji msibani kwake walimwomba soda.

"Niazime mtungi, dada. Nataka niite watu wapalilie pamba yangu kwa pombe, kama zamani."

"Kama zamani! Siku hizi mtu hainami shambani mpaka simu yake ilie kwamba hela imeingia."

"Watakuja."

"Haya. Pombe ikiisha, mtungi ni wako moja kwa moja. Ikibaki hata kibuyu kimoja, naurudisha kwangu. Bata wangu hawana pa kuogea."

Mayige alimtazama usoni akitafuta utani, asiuone. Bata walikuwa saba, wachafu kweli.

Akaloweka mtama, akauotesha chini ya magunia, akaukausha na kuusaga. Maua ya yule mgeni hakuwa nayo, lakini nyuma ya choo palikuwa na mwarobaini. Alikwisha kuujaribu: majani matatu kwenye kidumu cha lita moja, saa moja tu, kisha unayatoa. Safi kabisa. Mtungi ulichukua vidumu arobaini. Matatu mara arobaini ni mia moja na ishirini. Aliyahesabu jani moja moja, akahakiki mara mbili. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba, kwa furaha ya kuzunguka akialika watu, aliyasahau majani humo siku mbili.

Walikuja kumi na mmoja. Aliyewaongoza ni mzee Bujiku, jirani yake, aliyekuwa mpiga ngoma wa kulimia enzi jembe lilipokuwa na ngoma.

"Mwangaluka!" alisalimu kutoka barabarani. "Jembe langu lina kiu!"

Bujiku akaanzisha wimbo. Wawili tu walikijua kiitikio. Wengine waliitikia kwa kukisia. Ilipofika saa sita, pamba ilikuwa safi. Mayige alifuta macho akalaumu vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Desturi moja haijafa: mpishi hunywa kwanza, mbele ya watu, kibuyu kizima, waone kwamba hakuweka dawa. Na watu humtazama uso, si kibuyu. Mayige akachota, akanywa. Kwa funda la kwanza masikio yalimcheza. Kwa la pili jicho la kushoto lilijifunga lenyewe. Alikazana hadi mwisho, machozi yakitiririka.

"Mbona analia?" aliuliza mmoja.

"Ni furaha," Mayige alisema kwa sauti iliyotoka mbali.

"Furaha gani inapinda shingo?" Bujiku alipokea kibuyu kilichojazwa tena, akagusisha ncha ya ulimi, akakirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mayige, nimekuja kulima. Malaria sina."

Walicheka mpaka wakakaa matutani. Kisha wakaenda kunywa maji kisimani, wakaaga vizuri. Hakuna aliyelalamika, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Akabaki Kwandu, aliyefika tangu asubuhi na ngata yake ya kubebea mtungi.

"Imwage nibebe. Jua linaenda."

"Ulisema pombe ikiisha, dada. Hukusema aimalize nani, wala lini."

Kwandu akafikiri. "Sikusema," alikubali.

Mayige akavuta kigoda. Angeweza kumwaga, lakini mama yao hakumwaga pombe hata siku moja. Akanywa kibuyu cha pili, akanywa cha tatu. Baada ya cha nne alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi akiwa amenawa uso. Akachungulia mtungini, pombe ilikuwa kama haijaguswa. Akachota cha tano.

"Kimea ulikikausha wapi?" Kwandu aliuliza ghafla.

"Juani."

"Mama alikausha kivulini, kwenye ungo, siku tatu. Jua linaua utamu."

"Hukuwahi kuniambia!"

"Uliniuliza? Ulikuwa unahangaika na mzungu wa Novatus."

Akaivua ngata kichwani, akaiweka chini, akaikalia.

"Lete kibuyu."

"Haifai, dada."

"Uso wako nimeuona. Lete."

Akanywa chote. Uso haukutikisika, ni mguu mmoja tu uliorusha teke wenyewe, kuku akakimbia.

"Unasikia nini?" Mayige aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Nasikia pombe ya mwehu." Kwandu akamnyooshea kibuyu kitupu. "Mimina. Bata watasubiri."