Mkono Kando ya Kiti

Msaidizi wa daktari wa meno hamwambii mtu asiogope. Humpa mkono wa kulia aubane atakavyo, na ikifika jioni vidole vimemvimba hata vifungo vya koti humshinda. Leo wa mwisho ni fundi mwashi, pande la mtu, shavu limefura. Kiti hiki alishakikimbia, na sasa anainuka tena. Msaidizi anamnyoshea mkono.

“Dada, nitakuvunja mkono.”

“Vunja tu, ninao mwingine,” anamjibu huku akipiga mwayo.

Mwashi anacheka bila kutaka, anaketi, anabana. Jino linatoka.

“Nimekuumiza?” anauliza, mdomo umejaa pamba.

“Aliyeng’olewa ni wewe, kaka.” Wala hauondoi mkono, mpaka mwashi mwenyewe auachie.