Uliyekuja Naye

Kiwandani walimwita Mama Povu, na asiyejua kazi yake angedhani anafua nguo. Wapi! Alisimamia matangi ya tope la mawe yaliyosagwa, lenye madini ya risasi na zinki ndani yake, na huwezi kuyatenganisha kwa jicho. Unatia dawa kidogo, unapuliza hewa. Dawa inaing'ang'ania risasi, mapovu yanaibeba juu, zinki inabaki chini. Inanuka kabichi iliyooza dawa hiyo, na ikishakushika mwilini, sabuni utaimaliza bure.

Kazi ilikuwa ya mumewe. Aliteleza akatumbukia kwenye bwawa la tope, wakamtafuta weee, hata kiatu hawakukiona. Mama Povu akachukua zamu yake. Maji ya bwawa lile hurudishwa matangini, kwa hiyo kila povu lilipopanda alilitazama vizuri, huenda limembeba yeye.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, macho yameingia ukungu. Jioni mlango ukifunguka, bibi hunusa, uso ukachangamka.

"Mwanangu, umerudi?"

"Ni mimi, mama, mkweo."

"Wewe nakusikia. Namuuliza huyo uliyekuja naye."

Kila mara Mama Povu aligeuka kutazama nyuma. Tena bibi alikuwa hagusi chakula; sahani yake humsogezea mwanawe, penye kiti kitupu.

"Wifi yangu, mama anakwisha," wifi yake alimwambia, akimwonyesha mikono ya bibi ilivyokonda. "Ni hiyo harufu yako. Kaka alinuka hivyo hivyo. Acha matangi, utamuua!"

Alijaribu ndimu, siki, majivu. Wapi bwana! Mwisho akaomba kuhamia stoo, akahesabu misumari na glovu, na nguo zake za matangini akazichoma moto.

Harufu ikafifia polepole. Jioni moja akafungua mlango, bibi akanusa, akanusa tena. "Leo umekuja peke yako," akasema. Akalia mpaka kamasi zikamtoka, kisha akavuta sahani yake, akala yote. Wifi akashukuru Mungu kwa sauti.

Mama Povu alibaki kizingitini. Alikuwa amepata alichokitaka, bibi atapona. Lakini alipogeuka kufunga mlango mkono ulikataa, akatazama nje uani, akaona giza tu, na uchungu ukampanda wote kwa mpigo, maana kumbe naye siku zote alikuwa akiingia taratibu ili mwenzake apate kupita.

"Funga mlango, mwanangu," bibi akasema. "Hakuna anayekuja."