Maoni ya Darasa la Mama Gundi

Wanafunzi walimwita Mama Gundi, naye hakukasirika, maana vidole vyake vilinata kweli. Ndiye mwalimu wa maarifa ya jamii aliyeleta madaftari shirikishi: ukurasa wa kulia unaandika anachofundisha mwalimu, wa kushoto unabandika vyako, ramani ya kukunja, picha ya soko la mtaani kwenu, na unachofikiri wewe mwenyewe. Walimu wenzake waliyaita takataka za mkasi.

Siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Kesho mkaguzi anakuja, Mwalimu. Atawauliza watoto wenyewe. Wakiyaponda, tunarudi ubaoni, wananakili, basi. Na somo nampa mwingine."

Mwanamke huyu, ambaye nyumbani kwake huua nyoka kwa ndala, leo aliwaogopa watoto! Je, yule mtundu wa dirishani akisema gundi inanuka? Je, wakisema kukatakata karatasi kunawachosha? Hofu ilimpeleka puta mpaka akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu madaftari yale yaanze. Kipindi cha mwisho alishika chaki, akaandika maoni ubaoni, akawakaririsha. Walirudia mpaka yakawakaa kichwani.

Asubuhi mkaguzi, mzee mpole wa miwani, aliketi mbele ya darasa akafungua daftari moja.

"Haya, wanangu, mnayaonaje madaftari haya?"

Darasa zima likasimama. "Madaftari shirikishi yanatusaidia kuelewa somo, kushirikiana na kukumbuka!" Sauti moja, hata pumzi walivuta pamoja.

Mkaguzi akalifunga daftari taratibu. Mama Gundi alijua alichokifanya, na pa kujificha hapakuwepo.

"Vizuri. Wewe binti, hapo nyuma. Wewe unasemaje?"

Binti huyo hujaza kurasa za kushoto hadi daftari halifungiki. Alisimama, akamtazama mwalimu wake kwa woga.

"Mwalimu, niseme yangu au yale ya jana?"

Mwalimu mkuu alikohoa mlangoni. Mama Gundi alitamani kumwambia binti akae tu, ili yeye mwenyewe apate nafuu. Sauti ikamtoka nyembamba.

"Sema yako, mwanangu."

"Mimi nilikuwa nayapenda sana," binti akasema, "kwa sababu upande wa kushoto hakuna aliyekuwa anatuambia tufikiri nini. Mpaka jana."