Magadi Kwenye Sambari

Mtanisamehe mwandiko huu wa kupinda. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Lakini hasira niliyo nayo haiwezi kungoja nijifunze kuandika vizuri.

Jirani yetu hapa Shirimatunda alikuwa mama wa Kihindi, kutoka kusini ya kwao. Mumewe alikuja kufunga mitambo kiwanda cha hapa jirani kilipopata wenyewe wapya. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika sambari, mchuzi wao wa mbaazi zilizokobolewa na mboga. Mbaazi zinachemshwa na binzari mpaka zivurugike. Bilinganya, bamia na karoti zinaivia kwenye maji ya ukwaju. Ukishachanganya, unakaanga haradali mpaka ipasuke, unamwagia juu. Mimi si msemaji, naye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo tulielewana.

Siku moja akaniambia kwamba wageni wa kiwandani wanatafuta mpishi wa kantini.

"Pika kwenu, peke yako. Jumamosi nakuja kula. Ikiwa sawa, Jumatatu unaanza kazi."

Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili nikikata majani ya ng'ombe. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Jumamosi hiyo shangazi, dada mkubwa wa baba, aliteremka kutoka Mwika na mkungu wa ndizi. Nikampa shikamoo. Akaingia moja kwa moja jikoni, maana kwetu shangazi hakaribishwi, pale ni kwake. Akafunua sufuria.

"Hiki ni chakula au dawa ya minyoo?"

"Ni sambari, shangazi."

"Nyama iko wapi?"

"Haina nyama."

"Mgeni anakuja kwa kaka yangu kula mbaazi tupu. Haya, mwanangu, tuaibishe."

Nilimalizia ukwaju na haradali, nikaonja. Ilikuwa sawa kabisa, hata leo naapa. Nikaenda kuoga.

Kurudi, povu lilikuwa linamwagikia mkaa, na shangazi ameshika mwiko. Alikuwa ametia magadi. Kwetu maharage hayapikwi bila magadi, wala kiburu cha ndizi na maharage, wala ng'ande ya mahindi. Mwanamke anayesahau magadi husemwa mpaka nje ya kanisa. Lakini magadi na ukwaju havikai sufuria moja. Vilipigana mpaka uchachu wote ukaisha, bamia zikawa kamasi, na mchuzi ukawa na ladha ya sabuni.

"Nimekusaidia," shangazi akasema. "Zilikuwa bado ngumu."

Hazikuwa ngumu.

Kabla sijajua la kufanya, mgeni akapiga hodi. Alikula kijiko kimoja, akanitazama.

"Umeweka nini?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama dirisha, kisha akasema, "Mvumilie, mama. Huyu bado mtoto, anajifunza."

Mdomo wangu ulijaa maneno na sikutoa hata moja. Dada wa baba hatajwi kwa kosa mbele ya mgeni. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyopoteza kazi. Mgeni akasogeza sahani pembeni, akashukuru, akaondoka. Shangazi akala sahani mbili.

"Sasa ndiyo imelainika," akasema.

Jumatatu msichana mmoja wa Pasua akaanza kazi kantini. Nilikwenda getini kwa jirani mara tatu, na mara zote nikarudi bila kubisha. Nina hasira na shangazi, na zaidi nina hasira na ulimi wangu.

Sasa mama anasema nipande Mwika nikamwombe shangazi msamaha, eti kwa sababu siku ile niliinuka mezani bila kuaga. Sijaenda. Ninyi mnaosoma, mliolelewa kama mimi, mngefanyaje? Huruma sihitaji. Niandikieni, hata mistari miwili, mniambie kama niende.