Kigoda Kilichoondolewa Motoni

Saa nne na nusu asubuhi, Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, mwaka wa 1996, nilisimama kanisani nikamsingizia Mungu muujiza. Nilikuwa kidato cha pili. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Jina langu sitalitaja, na kanisa sitalitaja, maana kosa ni langu. Mdogo wangu nitamwita Khayesi. Si jina lake.

Mimi ni mtu wa kuandika, si mtu wa kusema. Kwetu wananicheka ati mgeni anaweza kunywa chai, ale, aage, na asijue sauti yangu inafanana vipi. Lakini katika ushirika wetu wa vijana kila mmoja lazima asimame atoe ushuhuda. Huyu ameponywa jino. Yule ameota swali la hesabu, na kesho yake likaja kwenye mtihani. Mimi kila Jumapili nilikuwa na ule mmoja tu: "Namshukuru Mungu kwa uzima." Halafu nakaa, masikio yakiwa ya moto.

Siku hiyo, kabla sijafungua mdomo, msichana mmoja nyuma yangu akaniigiza kwa sauti nyembamba, "Namshukuru Mungu kwa uzima," na benchi lote likatetemeka kwa kicheko.

Kiongozi wetu, kijana nitakayemwita Ndugu Hezron, hakuwakemea. Aliniambia kwa upole, "Dada, uzima hata ng'ombe anao. Wewe Mungu amekufanyia nini?"

 Ndipo nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwamba Khayesi amepona.

Kanisa lote lilimjua Khayesi. Alikuwa na miaka saba, na tangu akiwa mdogo sana alikuwa na kifafa. Walishamwona akianguka wakati wa sadaka, watu wakirudi nyuma na kuinua miguu kama wanaokwepa maji. Sasa nikawaambia kwamba nimeamka usiku nikamwekea mikono, kwamba joto limetoka viganjani mwangu kama moto, kwamba mtoto ameshusha pumzi ndefu na ugonjwa ukatoka.

Sikuamka. Usiku huo nililala mpaka jogoo.

Lililokuwa kweli ni moja: Khayesi hakuwa ameanguka tangu Krismasi. Lakini hiyo haikuwa kazi ya mikono yangu. Kila mwezi Mama alitembea mpaka hospitali mjini kuchukua vidonge vyeupe, akatembea kurudi, na kila jioni alikiponda kidonge kimoja akakichanganya na kijiko cha uji. Hata kama yeye mwenyewe alikuwa na homa. Hata kama Baba, aliyefanya kazi mbali, hakuwa ametuma kitu.

Tena kulikuwa na sheria za nyumbani ambazo hakuna aliyeziita sheria. Kwenda kisimani, Khayesi anatembea katikati ya watu wawili. Mapera anachumiwa, hapandi. Na jikoni, kati yake na yale mafiga matatu, kuna kigoda cha Kukhu.

Kukhu ni bibi yetu, mama yake Baba. Miguu yake huvimba. Alikuwa anakaa hapo kutoka moto unapowashwa mpaka unapozimwa, amenyoosha hiyo miguu mbele kama ua, akiulalamikia moshi. "Huyu moshi ananipenda mimi tu. Nyinyi anawapita tu." Nilidhani anakaa pale kwa sababu ya baridi. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini hakai upande ule mwingine, ambako moshi haufiki.

Basi nilipomaliza kusema, kanisa likalipuka. Wale wasichana wa nyuma walinikumbatia. Ndugu Hezron aliniinua mkono juu. Tangu siku hiyo walinipa jina: Mikono ya Moto.

Naomba uelewe jambo hili, wewe unayesoma. Nililipenda lile jina.

Jumatano jioni akina mama wa kanisa, pamoja na Ndugu Hezron na vijana wake, wakaja kwetu na nyimbo, kwa maana ushuhuda mkubwa kwetu hufuatwa mpaka nyumbani kwa shukrani. Walijaa sebuleni. Chai ikanywewa. Ndipo Ndugu Hezron akaviona vidonge juu ya kabati.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vya mtoto," Mama akasema.

"Bado anameza?"

"Anameza."

"Basi tunamshukuru Mungu huku tunamwambia hatujamwamini." Hakusema kwa ukali. Mpaka leo naamini alimaanisha mema.

Mama akanitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile. Hakuwatazama wageni, hakumtazama Hezron. Alinitazama mimi, mtoto wake asiyesemanga uongo kwa kuwa hasemangi chochote. "Ni kweli uliona akipona?"

Hapo ndipo ningeweza kuumaliza. Neno moja tu. Lakini yule msichana aliyeniigiza alikuwa mlangoni, anatabasamu.

"Ni kweli, Mama."

Mama akavichukua vile vidonge, akatoka, akavitupa ndani ya choo cha shimo. Aliporudi alikuwa analia kwa furaha, na wenzake wakampokea kwa vigelegele.

Kukhu peke yake hakuimba. Alikuwa jikoni, mahali pake. Mmoja wa wale mama akamwambia kwa utani, "Kukhu, sasa pumzika. Njoo ukae na watu kwenye kochi."

"Mimi sijakataa," Kukhu akasema. "Mungu akimponya mtoto, atakasirika nikikaa hapa?"

Wakacheka. Lakini baada ya siku chache Mama mwenyewe alikichukua kile kigoda, akakiweka barazani penye jua, akamwambia Kukhu moshi unamuumiza kifua bure. Zile sheria zikaanza kuondoka moja moja, bila mtu kuzifukuza. Khayesi akaenda kisimani na mtungi wake mdogo, mbele yetu, anaruka. Akapanda mpera. Tukasimama chini tukimpigia makofi.

Mwezi wa sita ukapita kimya. Nikaanza kujidanganya hata mimi. Nikafikiria, labda Mungu amelichukua lile neno langu akalifanya kweli ili nisiaibike.

Kisha asubuhi moja Khayesi alikuwa amesimama na kikombe cha uji, akiutazama ukuta. Uji ukaanza kumwagika kidogo kidogo, kikombe kikiinama, na yeye yuko tu, macho wazi, hayuko. Nilimwita. Nilimwita tena. Halafu akarudi, akaushangaa uji miguuni pake.

"Nasikia harufu," akaniambia. "Kitambaa kinaungua."

Hakuna kitambaa kilichokuwa kinaungua. Hata moto ulikuwa haujawashwa. Mama akauliza kutoka nje, "Nini hiyo imeanguka?"

Nikajibu, "Ni mimi, Mama. Nimemwaga uji."

Nikapangusa. Siku zilizofuata nilimwona hivyo tena, shambani, halafu njiani tukitoka shule. Kila mara ile harufu. Kila mara nilimwambia, "Usimwambie Mama, atahangaika bure." Naye aliniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyemponya.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane Kukhu aliitwa kwenye matanga ng'ambo ya mto. Akiwa amesimama na fimbo yake, tayari kwenda, alichungulia jikoni. "Nani atakaa hapa kwangu?"

Mama alikuwa anafunga ndizi zake za kupeleka soko la Lubao. "Mama, mtoto si alishapona?"

"Nimesikia. Nimeuliza nani atakaa hapa."

"Dada yake yuko," Mama akasema. Kukhu akanitazama kidogo, akaenda.

Mchana nikabandika maji ya ugali. Khayesi alikuwa karibu yangu akisukuma kuni ndani, anaimba. Nje mahindi yetu yalikuwa yameanikwa juu ya magunia. Unajua mvua ya Kakamega, mchana ikija haibishi hodi. Mbingu ikawa nyeusi upande wa msituni, upepo ukapiga mabati, nikakimbia.

Nilipofika mlangoni nikageuka nikamwambia, "Chunga moto, nakuja."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mtoto wa kifafa. Chunga moto.

Nilikuwa nimeinama nikizoa mahindi niliposikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Nikasema ni paka. Nikazoa tena, nikajaza karai, nikaliingiza chini ya baraza, nikarudi kuchukua lingine. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, ya baridi. Ndipo nikasikia harufu.

Kitambaa kinaungua.

Alikuwa ameanguka ubavu, mwili unatetemeka, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani, kati ya mafiga. Mkono wa sweta ulikuwa umeshika moto. Nilimvuta. Nilimmwagia maji ya ndoo. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nililia mimi. Jirani yetu Mzee Juma, mtu wa Mumias, alisikia, akaja mbio na baiskeli. Akamfunga mgongoni pake kwa leso ya mkewe, akisema "Bismillahi" polepole, tena na tena, akaingia ndani ya ile mvua kuelekea hospitali. Mimi nikamfuata kwa miguu.

Vidole viwili havikupona. Khayesi alikuwa darasa la kwanza, ndiyo kwanza anajua kuandika jina lake. Sasa analiandika kwa mkono wa kushoto, na mimi kila nikishika kalamu hii namwona.

Mama alitukuta hospitalini jioni, ndizi zimekosa wanunuzi, nguo zimelowa. Alikaa kando ya kitanda. Halafu akauliza bila kunigeukia, "Ile siku uliweka mikono, ulisikia nini?"

"Sikuweka, Mama. Nilikuwa nimelala."

Nilingoja anipige. Ingekuwa afadhali.

"Enda nyumbani," akasema. "Fungia mbuzi kabla giza."

Nakuambia wewe kijana uliye kanisani mwako na huna ushuhuda wa kushangaza watu: kaa chini. Usiutafute. Mimi nilidhani muujiza ni lazima uje na joto na kelele. Mungu alikuwa anatembea na Mama kila mwezi kwenda hospitali. Alikuwa anakaa kwenye moshi na mwanamke mzee aliyevimba miguu. Kila siku ambayo Khayesi hakuungua ilikuwa muujiza, na nilikuwa nausema kwa mdomo wangu kila Jumapili, halafu nikauonea aibu kwa sababu watu walicheka. Na wewe unayeongoza vijana, mtoto akikuambia anashukuru kwa uzima, usimwambie hata ng'ombe anao.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Kukhu alikuwa amerudi, ameshaambiwa.  Alikitoa kile kigoda barazani, akakipangusa kwa leso yake, akanipa pamoja na chupa ya uji.

"Mimi miguu haifiki huko. Peleka hiki. Hospitali hakuna viti, na usisimame juu ya mtoto kama askari."

Nikakibeba kichwani. Njia ya hospitali inapita kanisani, na vijana walikuwa ndani wakati wa ushuhuda. Miguu ilitaka kupita. Nikaingia na kigoda changu. Ndugu Hezron akafurahi, hakuwa amesikia habari. "Mikono ya Moto amekuja. Dada, Mungu amefanya nini wiki hii?"

Nikasema, "Nilidanganya. Sikumwekea mikono. Khayesi ameungua, yuko wodini, kwa sababu mlinisikiliza."

Mtu mmoja akaanzisha pambio ili kunifunika. Nikasema, "Ngojeni," na sauti yangu ikatoka kubwa kiasi kwamba mwenyewe niliishtukia. Pambio likakatika. Lakini sikuwa na lingine la kusema, basi nikakiokota kigoda nikatoka. Yule msichana wa nyuma hakucheka.

Wodini Mama hakuitikia salamu yangu. Lakini alipoona nimebeba nini, alisogeza miguu yake kidogo, nafasi ikapatikana. Nikakiweka.

Khayesi alikuwa macho, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. "Umekuja kuniwekea mikono?"

"Hapana. Nimekuja kukaa."

Muuguzi akaleta kidonge cheupe. Mama akakiponda, akakichanganya na uji wa Kukhu, halafu kile kijiko akanipa mimi. Nikamlisha. Kabla hajameza nilisema kwa sauti ndogo, namshukuru Mungu kwa uzima.

Akameza. Akanitazama. "Na ile harufu ikirudi?"

Nikakisogeza kigoda mpaka kikagusa kitanda, nikakaa, nikanyoosha miguu mbele kama Kukhu.